Sikio la Kazi, Sikio la Ibada

Mke wangu alikuwa na kaka na wadogo wa kiume watano. Amebaki na mmoja, yule wa mwisho. Huyo mmoja ndiye niliyemwinulia mkuki, asubuhi, jua likiwa limeshatoka, nikiwa na mashine mpya sikioni na akili zangu timamu. Nataka kuandika ilivyokuwa sasa hivi, kwa sababu nimegundua kwamba kila ninapokisimulia kisa hiki kinalainika mdomoni, na mimi ndani yake ninazidi kuwa mtu mzuri.

Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Huku Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, tunalima upande wa Rubondo, chini ya vilima, si mbali na mafunjo ya ziwa. Tunapanda mahindi na maharage, na nguruwe pori wanayachimbua. Shamba ulilolipalilia tangu mvua ya kwanza wanalimaliza kwa usiku mmoja, na asubuhi unakuta nyayo na mabua tu. Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji huturuhusu mara moja moja kuwasaka, nguruwe peke yake na si mnyama mwingine, na sisi tunawasaka kama baba zetu walivyofanya nyumbani, kwa wavu na mbwa na mikuki.

Uwindaji wa wavu ni kazi ya masikio. Wavu unatandazwa kwenye vijiti mbele ya kichaka, na wanaume wanachuchumaa nyuma yake bila kukohoa. Mbwa wanavalishwa kengele za mti shingoni, na kengele hizo zinazibwa kwa nyasi mpaka dakika ya kuwaachia. Mbwa wetu akishika harufu habweki. Ile kengele ndiyo inayosema mnyama yuko wapi na anakimbilia wapi. Mwisho wa wavu kuna nafasi tunayoiita mlango, kwa kuwa nguruwe mwerevu hafuati kishindo, anageuka, anaambaa na wavu na kutokea hapo. Mlangoni anasimama mtu mmoja mwenye mkuki. Nyasi ni ndefu, haoni mengi, kwa hiyo anasikiliza. Na kuna sheria moja ambayo hata mlevi haivunji: anayepita mbele ya mlango anainama, anapiga mluzi mara mbili, na hasogei tena mpaka wa mlangoni amemjibu kwa mluzi mmoja.

Mlango ulikuwa wangu. Niliurithi kwa baba, nikavuka nao mpaka wa nchi mbili, maana mtu hukimbia na kile anachokiweza. Halafu nikaugua malaria ile inayopanda kichwani. Nilitundikiwa dawa siku kadhaa, masikio yakaanza kulia kama nzi aliyefungiwa chupani, na nilipoinuka kitandani watu walikuwa wanafumbua midomo tu. Daktari mmoja aliniambia baadaye kwamba huenda ni ugonjwa, huenda ni dawa. Kwangu ilikuwa ni mamoja.

Wenzangu hawakunitupa. Walinihamisha katikati ya wavu, wakaniambia kwa ishara nikae hapo na nishike kamba ya juu. Nilikasirika siku nzima. Lakini nikaja kugundua kwamba mkono unasikia. Mbwa akigusa wavu kamba inatetemeka, nguruwe akiuvaa inavutwa kwa nguvu mpaka bega linajua. Mkono wangu wa kushoto ukawa hodari kuliko masikio ya wengi.

Na shemeji yangu, huyo wa mwisho, akajifanya mluzi wangu. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa na kofia nyeusi ya sufu, ya kuvaa asubuhi za baridi, na badala ya kupiga mluzi ambao nisingeusikia alikuwa anaipunga juu ya nyasi. Nikiona kofia inapungwa, najua huyo ni mtu, najua ni yeye. Miaka mitatu tuliwinda hivyo. Alikuja nami kila mahali, sokoni, ofisini, kanisani, akiniandikia kiganjani kwa kidole pale midomo ya watu iliponishinda. Nilimpenda na nilimchoka. Anayeongozwa kila siku atanielewa.

Kisha tukaitwa Mbarara. Watu walikuwa wamepita kambini kupima masikio na kuandika majina, na siku jina langu lilipotoka shemeji alinifuata shambani akikimbia. Tulipanda gari alfajiri, tukapita Isingiro katikati ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu, tukafika kwenye chumba kidogo cheupe ambamo dada mmoja kijana alinivalisha vifaa viwili vya kusikia, kimoja kila sikio. Akakunja karatasi. Nikaisikia. Nikasikia kiti chake, nikasikia gari nje, nikasikia shemeji yangu akivuta pumzi puani. Nililia, na sioni haya kusema.

Yule dada alizungumza Kiswahili cha barabarani, kilichochanganyika na Kinyankore. Alinishika mkono kabla sijainuka.

"Mzee, wewe vaa zote mbili kila siku. Moja tu, utasikia, lakini hapana jua sauti natoka wapi."

Shemeji alinitaka niyarudie maneno yale kwa sauti, kama mtoto wa shule ya Jumapili. Niliyarudia vizuri. Siwezi kusema niliyasahau. Niliyadharau, na hilo ni jambo jingine.

Wiki za kwanza nilivaa vyote viwili na nikarudishiwa kelele zote za kambi: redio ya jirani, mbuzi, mvua juu ya mabati, mke wangu akitafuna karanga. Hata mahubiri niliyasikia mpaka mwisho, na nikakumbuka kwamba uziwi nao una raha zake. Tatizo lilikuwa betri. Ni ndogo kama punje ya mbaazi, zinakwisha upesi, na huku kwetu hazipatikani mpaka mtu aende Mbarara. Nikafanya kama tunavyofanya na viatu vizuri na kitenge kipya. Kifaa cha kulia nikakifanya cha kazi. Cha kushoto nikakiweka cha ibada. Mke wangu alikilaza ndani ya kopo lenye mchele mkavu ili unyevu usikiharibu, na kila Jumapili alikitoa, akakipangusa kwa khanga, akakiweka sikioni mwangu mwenyewe. Yeye pia aliona nimefanya jambo la busara. Mungu apewe kilicho kizima, siku nyingine zijitosheleze na nusu. Nani kati yetu angeliona kosa hapo?

Nilipokuwa nyumbani na sikio moja sikuona tofauti kubwa. Mtu akiniita niligeuka kulia, nikimkosa niligeuka tena. Watoto walicheka. Nikacheka nao.

Mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe walirudi, na wawindaji tukakutana uani kwa mzee anayetuongoza. Nikasimama na kusema nataka mlango wangu. Niliwaonyesha mashine sikioni, nikawaambia wanong'one chochote, wakanong'ona, nikakirudia. Wakapiga makofi. Shemeji peke yake hakupiga. Alisema kwa upole kwamba nikae kwenye kamba msimu mmoja zaidi, nizoee porini kwanza, kwani porini si uani.

Hapo hasira ikanipanda. Nilimwambia mbele ya wanaume wote kwamba yeye amezoea kunishika mkono kama kipofu, na sasa anaogopa kukosa kazi. Yeye aliangalia chini, akaizungusha ile kofia mikononi, akasema sawa, shemeki, ndivyo anavyoniita, apewe mlango. Nilipewa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi.

Asubuhi ya uwindaji ilikuwa siku ya kazi, basi nilivaa sikio la kazi. Kopo la mchele nililiona pale juu ya sanduku. Nakumbuka nililiangalia, nikapita.

Tulitandaza wavu pembeni mwa mafunjo, mahali nguruwe wanapolala mchana. Nikasimama mlangoni, wavu ukiwa mkono wangu wa kushoto, nyasi na kichaka mkono wa kulia. Shemeji alikwenda na wasakaji upande wa pili, pamoja na mbwa. Kabla ya kazi kuanza nilifanya kitu ambacho hakuna aliyeniagiza: nilishika mwisho wa kamba ya juu kwa mkono wa kushoto, pale inapofungwa kwenye kijiti cha mwisho. Mtu wa mlangoni hashiki kamba, anahitaji mikono yote miwili. Ni mazoea tu ya miaka mitatu. Nilitaka kuiachia, nikajiambia ngoja kidogo.

Nyasi zikatolewa kwenye kengele na mbwa wakaachiwa. Niliwasikia. Nilidhani moyo utanipasuka kwa furaha, maana sauti ile ya mti juu ya mti nilikuwa sijaisikia tangu niugue. Upepo ulikuwa unapiga kwenye mashine na kuunguruma, lakini chini ya upepo kengele zilikuwepo, ko-ko, ko-ko, zikija. Zikaharakisha. Hiyo ina maana kwamba mnyama ameinuka. Wasakaji wakapiga kelele. Na sauti zote, kengele na kelele na upepo, zilikuwa mkono wangu wa kulia.

Sikujiuliza. Kwa nini nijiulize? Nilikuwa nimepewa masikio, na masikio yanasema kulia. Nikageuka kulia, nikaupa wavu kisogo.

Nyasi za kulia zikatikisika. Zikatulia. Zikatikisika tena, karibu zaidi, hatua kama kumi kutoka nilipo. Nikauinua mkuki. Kengele zilikuwa zinalia kwa fujo sasa, papo hapo mbele yangu, hivyo ndivyo nilivyosikia, na nikaona kitu cheusi kikipita juu ya ncha za nyasi, kinakwenda na kurudi, kama mgongo wa mnyama asiyejua atokee wapi. Nilisubiri mluzi. Sheria niliikumbuka, naapa niliikumbuka. Nilihesabu pumzi mbili, na hakukuwa na mluzi wowote. Basi si mtu. Nikavuta mkono nyuma na kuchagua mahali, chini kidogo ya ile nyeusi, kwenye mbavu.

Kamba ikavutwa.

Ilivutwa kwa nguvu mpaka bega la kushoto likanigeuza nusu. Mkono wangu ulijua kabla yangu: nguruwe ameuvaa wavu, nyuma yangu, kushoto. Basi cha kulia ni nini? Mkuki ulikuwa umeshaanza kwenda mbele. Sikuurusha, lakini siwezi kusema niliuzuia kwa hiari. Vidole vilikataa kufunguka, ukabaki mkononi, ncha yake ikiangalia zile nyasi. Nyuma yangu watu walikuwa wanamrukia mnyama, na aliyekuwa katikati ya wavu akammaliza.

Shemeji akasimama kutoka kwenye nyasi. Kofia nyeusi ilikuwa mkononi mwake, bado ameiinua.

Kumbe kiongozi alimtuma avuke upande huu kuziba pengo, kwa kuwa nguruwe alianza kugeuka. Alipofika mbele ya mlango aliinama kama sheria inavyotaka. Na badala ya kupiga mluzi akaipunga kofia, kwa sababu aliyekuwa mlangoni ni mimi, na mimi kwa miaka mitatu sipigiwi mluzi, napungiwa kofia. Na mimi, ambaye kwa miaka mitatu niliitafuta kofia ile kila kona ya pori, siku hiyo sikuitafuta. Nilikuwa nasikiliza.

Alikuja mpaka karibu yangu. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Shemeki, nilisahau kama uko unasikia sasa," alisema. Kisha akaangalia ule mkuki. "Mukuki yako ilikuwa inaniangalia miye."

Aliangalia sikio langu la kulia, akazunguka taratibu, akaangalia la kushoto.

"Mashini ingine iko fasi gani?"

Nilimwambia iko nyumbani, ndani ya mchele, inangoja siku ya Mungu. Akaivaa kofia yake, akaenda kusaidia kufungua wavu.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Tulimbeba nguruwe kwa mti mabegani, shemeji mbele na mimi nyuma yake, na njia nzima nilikuwa naangalia shingo yake, pale chini ya kofia, na mbavu zake zikipanda na kushuka ndani ya shati. Nilingoja aseme. Wengine walikuwa wanaimba, wananisifu. Walisema huyu kweli ni mtu wa mlangoni, amesimama imara, mkuki juu, lakini hakurusha ovyo. Mzee anayetuongoza alinigawia mguu wa mbele, ambao ndio haki ya mlango, na akanishika bega. Shemeji alisikia yote hayo. Alikuwa anapangusa damu kwenye majani. Ningependa angesema. Angenitukana mbele yao kama mimi nilivyomtukana uani, tungekuwa tumelipana.

Alinisindikiza mpaka kwangu, akauweka mguu wa nyama mlangoni, akamsalimu dada yake, akakataa kiti. Akaondoka. Nikaelewa kwamba ameniachia mimi kazi ya kumwambia dada yake. Ningeweza kunyamaza. Naandika wazi kwamba nililifikiria hilo, tena kwa muda mrefu, nimekaa juu ya kigoda nikimwangalia mke wangu akikata vitunguu na kuimba pambio, amefurahi kwamba mume wake amerudishiwa nafasi yake na ndugu yake amekuja kumsalimu.

Nikainuka, nikachukua kopo, nikatoa kifaa cha kushoto kutoka kwenye mchele na kukivaa. Akaniuliza kama nimepoteza hesabu, leo si Jumapili. Nikamwambia akae. Hakukaa. Basi nikamwambia hivyohivyo, nikianzia kwenye yale niliyoyasema uani mpaka kwenye kofia.

Kwa masikio mawili nilisikia kila kitu mahali pake. Makaa yakipasuka upande wangu wa kulia. Kisu kikiacha kukata, mbele. Mtoto wa jirani akilia, mbali, kushoto.

"Alikuwa mbali?" aliuliza.

"Hatua kumi."

"Na mukuki ilikuwa juu?"

"Ilikuwa juu."

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliutoa mguu wa nguruwe kwenye karai, akaufunga kwenye majani ya mgomba, akaupeleka kwa majirani. Alirudi, akaosha karai, akapika sombe, majani ya muhogo. Siku mbili hakunisemesha. Chakula aliniwekea, maji ya kuoga aliniwekea, lakini macho yake yalinipita. Niliogopa kuliko siku tulipokimbia nyumbani, kwa sababu siku ile tulikuwa wawili tunaogopa kitu kimoja.

Asubuhi ya tatu alinisimamisha katikati ya nyumba. Alinivalisha vifaa vyote viwili mwenyewe, cha kulia kisha cha kushoto, kama anavyofanya kwa ajili ya ibada. Akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Alikuwa peku, sikusikia nyayo zake.

"Niko fasi gani?"

Nikanyoosha kidole kulia, kwa mazoea. Sauti ilikuwa imetoka kushoto, nyuma, karibu na sanduku. Nilijua nimekosea kabla mkono haujanyooka vizuri, lakini ulikuwa umeshanyooka.

"Leo hauendi," akasema. Sikwenda shamba siku hiyo. Nilikaa uani na vifaa vyangu viwili, nikijifunza kuku yuko wapi.

Tangu hapo ndiyo kawaida yetu. Betri zikikwisha sivai kimoja. Naivua kazi yenyewe mpaka mtu wa kwenda Mbarara apatikane. Uwindaji ukitangazwa nasimamishwa katikati ya nyumba, macho yamefumbwa, na nisipopatia mara zote mkuki unabaki ukutani. Wenzangu wanajua na wanatania. Wanasema mlango wetu una askari wawili, na mkubwa wao ni mwanamke. Nilirudi kwa mzee na kumweleza yote mbele ya wanaume wale wale, nikamwomba shemeji msamaha pale pale nilipomtukania. Alisema imekwisha. Lakini kwa msimu mzima alipokuwa na kazi upande wangu alizunguka mbali, njia ndefu ya mafunjoni, na hakupita mbele ya mlango. Sikumlaumu. Niliona kila mara anavyozunguka, na kila mara iliniuma.

Mahindi ya msimu huu yalipobeba tulitangaziwa tena. Asubuhi ile nilisimama katikati ya nyumba, nimefumba macho, nikingoja mke wangu aniulize. Nje mbwa walikuwa wanahema, kengele zao zimezibwa. Akaniuliza mara ya kwanza, nikaonyesha. Mara ya pili, nikaonyesha. Mara ya tatu hakuuliza. Nilingoja mpaka nikadhani ametoka.

Kisha nyuma yangu, kushoto, chini chini, kama mtu aliyeinama, ukapigwa mluzi mara mbili.

Sikunyoosha kidole. Nililamba midomo kwanza. Nikamjibu shemeji kwa mluzi mmoja, na nikamsikia anasogea.